Pini

Maabara yetu hapa Salala haina dirisha.
Kuta zimevikwa madini tabaka tatu,
isije lifti, au gari la maegeshoni, au dunia yenyewe
ikamsemesha kihisi wetu.
Ana masikio huyu. Mlango wa chuma ukijongea ghorofa ya pili,
yeye anaandika.

Kichupani, damu ya Musallam bin Suhail,
mchunga ngamia wa milimani. Homa wiki ya nne,
jasho la usiku, kiuno kama kimetwangwa.
Maziwa huyanywa mabichi, povu lingali na joto.
"Kuyachemsha," aliniambia, "ni kumtukana ngamia."

Namiminia vumbi la sumaku,
punje ndogo hata zikiwa mamilioni ni rangi ya chai tu,
kila moja imepakwa kingamwili,
mshenga anayeijua nyumba moja.
Nawasha sumaku: zote zageukia upande mmoja.
Nazima. Nasubiri.
Punje iliyo peke yake husahau papo hapo.
Iliyonasa kijidudu ni nzito, husahau polepole.
Kazi yangu mimi ni kupima kusahau.

Mstari ukaruka.
Ukapanda kuliko homa yoyote niliyowahi kuiona.
Nikasogea, ukazidi. Nikarudi nyuma, ukapungua.
Nikapapasa ushungi, chini ya sikio:

pini.

Baba alikuwa fundi cherehani kule Ruwi.
Baada ya Isha akifunga duka, alichukua sumaku
ya spika mbovu, akaiburura kwa uzi sakafuni,
na pini zikatoka kwenye nyufa za vigae
zikasimama kama manyoya ya paka aliyeshtuka.
"Hesabu, Raya."
Nilihesabu. Daima ilipungua moja.
"Basi hiyo ndiyo itakayomchoma mtu."

Nikaivua, nikaiacha nje ya mlango.
Nikaanza upya.

Mstari ukalala. Nikataka kuandika *hana*.
Lakini pembeni, chini kabisa, kulikuwa na kituta
kilichokawia kushuka.
Nikarudia mara tatu. Kipo.

Nilimpigia simu. Manyunyu ya kharifu
yalisikika juu ya bati la gari lake.
Nikamweleza: vidonge wiki sita, usiruke hata siku.
Akanyamaza muda.
"Na Farha?"
"Farha ni mkeo?"
"Ngamia."

Nikatoka kuichukua pini yangu, nikafunga ushungi,
nikaandika jina la Farha
kwenye kichupa kitupu.