Kiolezo

Huko Oruro baridi haibishi hodi.
Inaingia na viatu vyake, inakaa kitandani.
Mwaka ule hatukuwa na pazia. Tulikuwa na magunia
manne ya unga wa ngano, ya pamba nyeupe,
yenye jina la kinu na jogoo wa bluu
ambaye mama alimchemsha mara tatu kwa majivu
na bado akabaki na mkia.

"Mwacheni," alisema. "Atakaa upande wa ndani.
Asiyepata usingizi amsalimie."

Cherehani hatukuwa nayo. Sindano ilikuwa moja,
ikilala ndani ya kipande cha sabuni
isishike kutu, na ipite kitambaani bila ugomvi.
Uzi tuliufumua kwenye sweta la Wilfredo
lililokwisha viwiko; dada yangu Nayra
akazungusha, akazungusha, mpaka kaka mzima
akawa donge la kijani la kutosha kiganja.
Mama alipiga pindo kama anavyozungumza:
hatua fupi fupi, na fundo pale alipokasirika.

Kisha akataka maua.

Rangi ilikuwepo, nyekundu, masalio ya mlango wa shule,
imeganda ngozi juu ndani ya kopo la samaki.
Kilichokosekana ni kiolezo. Karatasi ngumu
ililowa, ikalegea baada ya ua la pili.
Boksi la maziwa lilipinda.
Ndipo akaingiza mkono chini ya godoro
akatoa bahasha ya hospitali.

Sote tulijua kilichomo.
Picha tatu za eksirei za kifua cha baba,
miaka mitatu, mgodi mmoja.
Mbili alizilowesha kwenye maji ya klorini
hadi mbavu zikayeyuka, ukabaki utando mtupu kama kioo.
Hizo zikawa majani na shina.
Ya tatu hakuiosha.
Aliiinua dirishani, na jua la saa nne
likaingia kifuani mwa baba,
jua lile lile ambalo shimoni hakuwahi kuliona.

Daktari alikuwa ameizungushia penseli ya nta
upande wa kushoto, chini: wingu dogo, jeupe.
"Vumbi limetua hapa," alisema siku ile,
kama mtu anayekuelekeza kituo cha basi.
Mama akashika wembe. Akaufuata mstari wa daktari
hadi nusu, akauacha, akachonga petali,
na petali nyingine: ua la kantuta, lile linaloning'inia kama kengele.
Hakulia. Ulimi wake ulichungulia pembeni mwa mdomo
kama wa mtoto anayejifunza kuandika herufi S.

"Sifongo isilowe," aliniambia. "Gonga, usipake.
Rangi ikizidi hupenya chini, ua likaota ndevu."

La kwanza liliota ndevu. Hilo ni langu.
Lipo mpaka leo, karibu na jogoo.

Bi Encarnación alikuja kuazima chumvi, akaisahau chumvi.
Akataka maua kwenye foronya, na kwenye pazia pia.
Halafu shemeji yake. Halafu mwenye duka la betri,
aliyelipa kwa viazi vilivyokaushwa na barafu.
Mama hakumwambia mtu kiolezo kimetoka wapi,
nasi hatukuulizwa.

Agosti, upepo ulipokuja mtaani kwetu,
madirisha sita yalipumua,
yakivuta mapazia ndani, yakiyasukuma nje,
yote yamebeba pafu la kushoto la Teofilo Choque,
jekundu, zima.

Kile kipande kilichokatwa, kidogo kama ukucha wa dole gumba,
nilikiokota sakafuni. Nimehama nacho nyumba tano.
Mwanangu aliwahi kukikuta ndani ya kopo la vifungo,
akakiinua kwenye taa, akafumba jicho moja.
"Hiki nini?"
Nikamwambia: hilo ndilo tundu la ua.
Akakirudisha, akachukua kifungo.