Taarifa ya Mwalimu wa Zamu

Shule ya msingi, Uru, juu ya Moshi. Wiki ya tatu ya Aprili.

Jumatatu.
Walioandikishwa: mia nne na kumi na wawili.
Waliopo: mia tatu na tisa. Wengine mvua imewazuia,
na wengine, nawajua, wamejizuia wenyewe.
Kengele haikusikika. Rimu ya lori tunayoigonga
mvua iliigonga kabla yetu,
tukaingia madarasani kwa kupungiana mikono.

Saa mbili na nusu bati likaanza kunguruma.
Nilikuwa darasa la pili, na silabi.
Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu cha kusikika.
Nikaandika ubaoni NYWA.
Nikainua kikombe kisichokuwepo, nikanywa.
Wanafunzi sabini na watatu wakanywa pamoja nami,
mmoja akapaliwa.
Sijui kama hili linaingia safu ya Ufundishaji.

Jumanne.
Kipimamvua cha darasa la tano
(chupa ya maji iliyokatwa shingo, rula, na gundi ya Mwalimu Materu)
kimesoma milimita arobaini na tatu.
Nderingo akakataa, akasema arobaini na moja.
Wakabishana mpaka saa ya uji.
Ndipo tukagundua konokono yumo ndani,
naye ana ujazo wake.
Hesabu imesahihishwa kwa kumtoa konokono.

Uji ulichelewa. Kuni mbichi.
Mama Elinami alifuta macho mara nyingi,
anasema ni moshi.

Miche ishirini ya mringaringa imepandwa nyuma ya vyoo.

Jumatano.
Miche kumi na saba.
Mbuzi wa jirani ameonekana. Jirani ameandikiwa barua.

Aikaruwa Temu, darasa la nne, siku ya sita hayupo.
Katika daftari la mahudhurio nimechora duara, kama inavyotakiwa,
la sita, mstari mzima wa mayai
na hakuna linaloanguliwa.
Magogo mawili ya kuvukia mto yamekwenda na maji.
Serikali ya kijiji imearifiwa.
Serikali ya kijiji imejibu kwamba nayo iko ng'ambo.

Alhamisi.
Saa nne kasorobo wingu lilipasuka, Kibo ikatoka
nyeupe mpaka mabegani,
na darasa la tatu lote likahamia dirishani bila ruhusa.
Nilipaswa kuwakalisha.
Nilikuwa nimesimama juu ya kiti.

Alasiri, kumbikumbi.
Nidhamu: haikuwepo.
Masweta yaliyotumika kama nyavu: sikuhesabu.

Ijumaa.
Mkutano wa wazazi, ajenda ni paa.
Waliohudhuria kumi na tisa, na ndoo nane.
Baba Eliakunda aliuliza habari za michango ya mwaka juzi,
tukasogea ajenda ya pili,
kisha tukasogeza na viti, maana pale napo panavuja.

Saa tano, katikati ya jaribio la hesabu,
mlangoni akasimama Aikaruwa.
Tope mpaka magotini, viatu vikining'inia shingoni,
kichwani sufuria yenye mfuniko,
imefungwa kwa kanga ya mama yake fundo mbili.
Amezungukia daraja la barabara kubwa, alisema.
Ametoka nyumbani jogoo hajawika.
Akaitua. Akafungua taratibu mbele ya wote,
na dawati la nyuma wakanyoosha shingo, wakitumaini makande.
Daftari nne. Kavu.
Penseli moja, imechongwa ncha zote mbili.
Akauliza tuko swali la ngapi.

Waliopo: nilikwisha andika kwa wino mia tatu tisini na wanne.
Nimekata, nimeandika watano.
Karatasi imechafuka hapo, naomba radhi.

*

Taarifa imerudi leo kutoka kwa mwalimu mkuu,
kalamu nyekundu pembeni: Ufupi. Tumia fomu.
Na chini kabisa, kwa risasi, mwandiko uleule,
mdogo, kama wa mtu anayechungulia:
Konokono mlimpeleka wapi?