Nipe Mji

Jumanne, saa nne kasorobo, chumba namba saba,
hospitali ya wagonjwa wa akili, pembezoni mwa Riga.
Theluji inayeyuka juu ya bati, tone, tone,
kama mtu anayetuhesabia.
Ilgvars Dzenis huketi bila kuegemea.
Mahakama inataka kwangu neno moja:
mzima, au mgonjwa.
Polisi wanataka kwake neno jingine:
wapi.
Mkewe, Mirdza, hajaonekana tangu viazi vilipochimbwa.

"Sijibu maswali," alisema siku ya kwanza.
"Bibi alinilea kwa vitendawili.
Ukishindwa, unanipa mji. Nikishindwa, nakupa."
Nikaandika: anataka kutawala.
Nikapigia mstari.
Kisha nikasema, "Tega,"
neno lile lile la mwenye kamba na panya.

"Mfungwa wangu ana funguo zote, jioni hurudi kwake."
Nilijua. Nani asingejua?
Ila mtaka cha uvunguni huinama. Nikainama.
"Nimeshindwa."
"Nipe mji."
"Chukua Talsi."
Akafumba macho. "Nimefika Talsi.
Nimekunywa chai kituo cha mabasi, kikombe kina ufa.
Nimeona baiskeli nyekundu ukutani kwa shangazi yako.
Jibu ni daktari."

Sina shangazi Talsi.
Sijalala Talsi hata usiku mmoja.
Nikatabasamu moyoni
kama aliyelipa kwa noti bandia akarudishiwa chenji halali.

Nikampa Madona, nikampa Valka, nikampa Ventspils,
yote miji ya ramani tu, miji nisiyodaiwa.
Kila alikofika aliikuta ile baiskeli.
Madona, gurudumu limepinda.
Valka, imelala kwenye nyasi ndefu.
Ventspils, mtoto anailia.

"Mgonjwa wako siku hizi anakula," alisema muuguzi Dzidra,
"analala kama gogo. Wewe je, Daktari?"

Mimi nilikuwa nikiamka saa tisa usiku
na goti linauma
pale nilipoanguka.

Nikampigia mama. "Tuliwahi kwenda Talsi?"
"Hapana," alisema.
Lakini kabla ya hapana palikuwa na kimya,
na kazi yangu, miaka kumi na tisa sasa,
ni kupima vimya.

Jumanne ya tisa nikamwahi.
"Kitendawili."
Akainua uso. "Tega."
"Amelala bila usingizi; aliyemlaza ndiye akeshaye."
Akacheka mpaka akatoa machozi,
akayafuta kwa mkono wa shati la hospitali.
Halafu taratibu, kama anayevua pete ya kubana:
"Nimeshindwa. Chukua Sabile.
Nyuma ya kinu cha zamani, hatua kumi na moja."

Walichimba siku mbili.
Mirdza hakuwepo.
Palikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo
kengele ya baiskeli,
rangi nyekundu bado imeng'ang'ania kwenye skrubu.

Bila shaka aliifukia mwenyewe, zamani, kabla ya pingu.
Bila shaka alijua nitadanganya, akaandaa pa kuuweka uongo wangu.
Hayo nimeyaeleza kwa mpelelezi, kwa sauti tulivu,
naye akaitikia kwa kichwa, akaniwekea kengele mezani.
Ililiwa na kutu. Yeye alihangaika nayo, haikulia.
Kidole gumba changu kilijua pa kubonyeza.

Leo Jumanne ya kumi.
Ripoti iko mbele yangu: mzima, au mgonjwa.
Sehemu ya jina sijaijaza.
Funguo zote ziko kiunoni mwangu,
mlango umefungwa,
na sikumbuki kuufunga.

"Kitendawili," anasema,
na sasa ameegemea.