Koti la Baba

Kidia, alfajiri ya Krismasi. Baridi ya mlimani
haijali kwamba nimeshuka na basi la usiku
na shati la mikono mifupi.
Mama ananivika koti la marehemu.
Linanipwaya mabegani, mikono inameza vidole.
"Vaa tu. Hata yeye lilimpwaya, mwanzoni."

Mfukoni, bahasha ya sadaka, namba mia mbili na nne,
*Anaeli* kwa mwandiko wake wa kulala,
na elfu tano aliyoikunja kabla ya kuugua.

Kengele. Migomba inadondosha umande.
Miaka kumi na moja sijaomba.
Nasimama nyuma, karibu na mlango.

Kapu linapita. Natoa ya kwake,
kisha nakunja mikono ya koti
mara mbili,
nipate vidole vya kushikia kitabu.