Mkono wa Plastiki

Tuko arobaini na mmoja, mkono ni mmoja:
wa plastiki, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
umetobolewa tangu sijajua Arua iko wapi.
Haulii. Haukunji ngumi. Damu yake
maji ya bomba na wino mwekundu.
Niliuchoma mara tisa, nikapewa alama zangu.

Leo Bi Drateru kaufungia kabatini.
"Chomaneni," akasema, akaketi.

Andezu akapandisha mkono wa sare,
akageuzia uso dirishani, kwa mafundi wa bati.
Nikafunga mpira, nikapapasa:
ngozi ina joto, ina kovu la jiko,
na chini yake kitu kinakwepa
kama panzi chini ya jani.
Mimi niliyepima mihogo sokoni kwa jicho tu
nikasahau kupumua.

"Subiri kidogo."
"Ndivyo nilivyomwambia mhasibu wa ada."
Tukacheka. Mkono ukalegea,
na mshipa, wenyewe, ukainuka.

Tone la kwanza lilipoingia kichupani
sikutafuta alama.
Niliuliza, "Imeuma?"
swali ambalo ule wa kabatini
haukuwahi kunidai.