Hati ya Mchukuzi

Programu ililetwa kutoka bara, viatu miguuni.
Kila mzigo, ilisema, hubebwa na Gari.
Klasi Gari: nambari ya usajili, lita za mafuta,
mbinu ya kuwasha injini, mbinu ya kuegesha.
Nikaifungua hapa Langoni, ghorofani, juu ya duka la nazi,
kwenye kichochoro ambacho wanene wawili
hupishana kwa kuombana radhi.

Gari gani?

Sitaficha: kwanza nilidanganya.
Nikasema Punda ni mtoto wa Gari, arithi yote.
Saburi, punda wa Twalib Famau, nikamsajili sufuri sufuri sufuri.
Mbinu ya kujaza mafuta nikaiacha tupu,
mabano yamefumbata hewa.
Usiku programu ikampima, ikakuta tangi kavu,
ikamfungia kazi. Asubuhi nikapokea ujumbe:
Gari 000 limezimika karibu na msikiti.

Twalib alicheka hadi kisikio cha simu kikamtoka.
"Saburi hanwi petroli, hunwa mayi.
Na mkokoteni wa Kombo, nao umeupa injini?"

Nikafuta. Ukurasa mweupe.
Kiolesura, nikaandika, Mchukuzi.
Hakina miguu, hakina magurudumu, hakizaliwi chenyewe.
Mistari mitatu tu:
pokea mzigo;
peleka mahali;
kabidhi mwenyewe.
Baada ya kila mmoja nukta mkato, basi.
Namna ya kufanya haimo. Ahadi ni deni,
na hati ya deni haisemi utalipa kwa mfuko upi.
Atiaye saini atimize yote matatu;
akibakiza moja, kompaila humrudisha mlangoni.

Boti ya Mokowe ikatia saini: hupokea kwa kamba, hukabidhi gatini.
Mkokoteni ukatia, ingawa ngazi haupandi.
Saburi hupokea kwa shogi, hupeleka kwa kwato,
na kukabidhi?
Ndani ya klasi yake nikamweka Twalib na kalamu.
Kwa nje hakuna amwonaye.

Kisha nikakosea tena.
Twalib alitaka punda apumzike adhuhuri; haki yake.
Nikaongeza mstari wa nne kwenye hati: pumzika.
Papo hapo boti ikagoma, mkokoteni ukagoma,
skrini ikawa nyekundu kama achari.
Wote walikuwa wamesaini matatu,
nami nikawaamsha usingizini kuwadai la nne.
Nikaufuta. Nikaandika hati ya pili, fupi,
Mwenye Pumzi, yenye mbinu hiyo moja.
Saburi akasaini zote mbili.
Boti haikusaini, wala haikulaumiwa.
Kombo aliuliza kama ni ya punda peke yao.

Alhamisi, saa tano usiku,
dawa ya kisukari ya Bi Mwanamize wa Mkomani
ilifika Mokowe ndani ya kasha la barafu.
Mchukuzi, pokea. Mchukuzi, peleka.
Msimbo wangu haukuuliza ni nani,
ndivyo nilivyoufunza, nami nilijivunia.
Boti ikaja. Gatini mkokoteni ukapokea,
ukaenda hadi penye harusi: viti, taa, njia imezibwa.
Saburi alikuwa zamu ya mapumziko.
Nikaketi natazama nukta ya kijani
imesimama, imesimama,
halafu ikasogea polepole,
ikapanda mahali pasipopandwa na gurudumu.

Saa sita kasorobo: Imekabidhiwa.

Neno moja, safi, lile lile
analoliandika punda, boti, yeyote.
Halina jasho. Halisemi
ni bega gani lililoloa maji ya barafu,
ngazi ngapi, kandambili gani ilikatika.
Hivyo ndivyo kiolesura kilivyo, na ni vyema,
la sivyo tusingelala kwa kuulizana.

Nikafunga kompyuta, nikashuka kichochoroni
kumtafuta Kombo,
nimwulize alivyofanya.