Pimamaji

Mara ya kwanza nilimjengea Bi Mkasi
mwaka ule mumewe Shaame alipouza ng'ombe wawili.
Kiwanja kilikuwa rahisi, rahisi mno,
na mimi nilikuwa na watoto skuli.
Sikuuliza kwa nini bata wanaijua njia ya pale
kuliko dalali.

Ziwa Maboga. Jina lenyewe lilisema.
Sisi tukasikia maboga tu.

Mara ya pili nilipandisha msingi kozi tatu.
Tukamwaga kifusi, gari kumi na moja:
vigae, makumbi, sinki la hoteli lililopasuka.
Nikamwambia, "Sasa lala, bibi."
Akalala miaka sita.
Masika ya saba maji yakaingia kwa mlango wa uani
bila hodi,
yakapanda kitandani,
yakashuka na godoro, na cherehani, na vyeti vya watoto,
yakamwacha Shaame juu ya bati
anahesabu kuku wake wanavyoelea.
Shaame hakufa na maji. Alikufa na kifua,
Mfunguo Tatu, kwenye kitanda cha kuazima.

Leo nimeitwa mara ya tatu.
Ukutani pana mstari wa tope, mnyoofu
kuliko wowote nilioupiga mimi kwa uzi wangu.

Jana tulikuwa na kikao kwa sheha.
Kijana wa mipango miji, viatu safi,
alifungua ramani, akapaka kidole juu yetu:
"Hapa pasijengwe tena. Mtapewa viwanja shamba."
Mwanakheri, wa vitumbua vya asubuhi, akasimama:
"Shamba nitamuuzia nani? Kima?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Na ile hoteli iliyofukia mikoko,
nayo inahamia shamba?"
Kijana akainama, akaandika.
Sijui aliandika nini.

Mimi nilinyamaza.
Fundi akisema msijenge, jioni atapika mwiko?
Wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa nimeuziba. Ukuta nimeujenga. Nimeujenga tena.
Hawakusema afanyeje mtu
ambaye ukuta wake umesimama njiani mwa mwenye njia.

"Kombo, wajenga hujengi?"
Amekaa juu ya tofali, kanga imefungwa kiunoni
kama mtu aliyekuja kupalilia.
"Kitovu cha Time kimezikwa pale, penye mkomamanga.
Nikihama nakifukua vipi?"
Halafu, kimya kimya, kama anamsema mtu mwengine:
"Mama alikuwa akilima mpunga hapa hapa.
Siku nilipomwambia tumenunua
aliuliza, mmenunua na mvua yake?"

Nikatoa pimamaji mkobani, nikailaza juu ya msingi.
Kipovu kikaenda kushoto, kikarudi,
kikatulia katikati.
"Msingi uko sawa," nikasema.
Na kweli uko sawa.
Ubaya wa pimamaji ni huo:
inakwambia ukuta umelala au umesimama,
haikwambii umesimama wapi.
Miaka thelathini naibeba, leo ndiyo kwanza
naliangalia lile tone lililofungiwa kiooni:
dogo, halina mkondo, halina masika,
na bado ukiligusa kidogo tu
linatafuta pa kwenda.

Tukaingia ndani, nipime mbao za kubakisha.
Mlango wa mbele mzima. Fremu mbili zimeoza.
Kwenye chumba walicholala watoto
sakafu imepasuka, na katika ule mpasuko
yametoka majimbi, majani matatu mapana,
hakuna aliyeyapanda.
Nikanyoosha mkono.
"Yaache," akasema.

Nikayaacha.
Nikaifuta pimamaji kwa shati, nikairudisha mkobani.
Akaniuliza gharama.
Mifuko ya saruji naijua, nondo naijua,
siku za kazi naweza kuzihesabu nimefumba macho.
Tumesimama pale mpaka adhana ya alasiri,
na bei
bado sijamtajia.